Tusilisingizie jua

USIKU wa Jumamosi, Mei 11, 2024, mbingu ya kusini mwa Australia iligeuka nyekundu. Haikuwa nyekundu ya machweo, wala ya moto wa msituni ambao wenyeji wa hapa wameuzoea. Ilikuwa rangi ya waridi iliyochanganyika na kijani, imetanda angani kama kanga iliyoanikwa kambani. Kuanzia kisiwa cha Tasmania hadi mwambao wa jimbo hili la New South Wales, watu waliacha chakula mezani wakatoka nje na simu zao kupiga picha. Sisi tunaoishi katikati ya taa za jiji la Sydney hatukufaidi sana, lakini wenzetu waliotoka nje ya mji walitutumia picha hadi usiku wa manane.

Kesho yake nikapata ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam. "Shikamoo mjomba. Huku intaneti imekufa. Watu wanasema jua limelipuka. Huko kwenu ndiko lilikopiga?"

Mpwa wangu ana kibanda cha steshenari. Anatoa kopi, anachapa barua, na anawajazia watu fomu za mtandaoni: za mikopo ya elimu ya juu, za kodi, za kuomba ajira. Intaneti ikilala, naye analala njaa. Kwa hiyo swali lake halikuwa la udadisi tu. Alitaka kumjua aliyemkatia riziki.

Mtandao ulipoanza kurudi kwa kusuasua, alinitumia kipande cha video. Ndani yake msemaji mwenye sauti nzito anaeleza kuwa wanasayansi wanatudanganya. Jua, anasema, si tanuri la nyuklia. Ni taa ya umeme, na umeme wenyewe unatoka nje ya jua, unasafiri angani kama unavyosafiri kwenye waya. Nyota zote ni taa za namna hiyo, mashimo meusi hayapo, na wakubwa wa dunia wanalijua hilo ila wanalificha. Chini ya video mpwa wangu kaandika: "Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha nisimeze taarifa ya mkubwa bila kuhoji. Haya, nimehoji."

Kwa kweli alinikamata. Mimi ni mwandishi wa habari niliyelazimika kuondoka kwetu kwa sababu ya kuhoji. Siwezi leo kumwambia kijana anyamaze aamini wataalamu. Lakini nina la kumwambia yeye na wengine wengi wanaosoma ukurasa huu, walioko nyumbani na tulioko ughaibuni.

Nianze na lile jepesi, la intaneti. Jumapili ile ya Mei 12, mikongo miwili ya mawasiliano ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika katika bahari ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban. Waziri wa Habari wa Tanzania wa wakati huo, Nape Nnauye, alitangaza kuwa hitilafu ilikuwa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi nyingi za ukanda wetu zikayumba kwa pamoja. Sasa, ndani ya mkongo kuna nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Dhoruba ya jua haikati kioo. Duniani kote mikongo hukatwa zaidi na nanga za meli na nyavu za uvuvi, na wakati mwingine na maporomoko ya chini ya bahari. Dhoruba kali mno inaweza, kwa nadharia, kusumbua vifaa vya kukuza mawimbi vilivyofungwa njiani, kwa kuwa hivyo vinatumia umeme. Lakini kukata mikongo miwili sehemu moja, hapana. Mambo mawili yalitokea wikiendi moja, watu wakayafunga kamba moja.

Nije kwenye video. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na hapa kweli kuna kitu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Kristian Birkeland wa Norway alitengeneza tufe dogo lenye sumaku ndani yake, akaliweka kwenye chombo kilichoondolewa hewa, kisha akalipiga kwa mkondo wa elektroni. Nuru ikajitokeza karibu na ncha zake mbili. Akasema mianga inayoonekana kwenye ncha za dunia huletwa na mikondo ya umeme yenye asili yake juani. Wakubwa wa fani walimkatalia. Mmoja wao, Mwingereza ambaye kwa bahati jina lake ni la mji huu, Sydney Chapman, aliendelea kuikataa mikondo ile miaka mingi baada ya Birkeland kufariki mwaka 1917. Miaka ya 1960 na 1970 satelaiti zikapita juu ya maeneo ya ncha za dunia na kuikuta mikondo hiyo ipo. Leo inaitwa kwa jina la Birkeland.

Halafu kuna Hannes Alfvén wa Sweden, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1970. Huyu alifundisha kwamba sehemu kubwa ya vitu vinavyoonekana angani ni plazima, yaani gesi iliyopata joto hadi atomi zake zikaachana na elektroni zao. Plazima hupitisha umeme na hutii sumaku. Kwa hiyo anayesema angani kuna umeme hajakosea hata kidogo.

Wafuasi wa ulimwengu wa umeme walianzia hapo, ila hawakuishia hapo. Miaka ya 1970 mhandisi wa Marekani, Ralph Juergens, alidai kuwa hata joto la jua linaletwa na umeme kutoka nje. Wazo hilo likaendelezwa na David Talbott wa Marekani na mtu wa hapa hapa Australia, Wallace Thornhill, aliyefariki mwaka 2023. Mwaka 2005 na 2007 wawili hao walitoa vitabu vilivyosomwa na watu wengi. Walikuwa wasemaji wazuri. Simulizi yao ya Birkeland aliyedharauliwa kisha akaibuka mshindi inamgusa kila mtu aliyewahi kunyamazishwa, nikiwamo mimi.

Lakini mwandishi hafundishwi kupima utamu wa simulizi. Anafundishwa kuuliza: ushahidi uko wapi, na nani mwingine kauona?

Tuanze na ndani ya jua. Kama jua linaunganisha haidrojeni kuwa heliamu katika kiini chake, penye joto la nyuzi milioni 15 hivi, basi ni lazima litoe chembe ndogo ziitwazo nyutrino. Chembe hizi hupenya kila kitu, hata miili yetu, bila kugusa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Raymond Davis alianza kuzitafuta chini ya ardhi, katika mgodi wa dhahabu wa Homestake huko Marekani, akitumia tangi kubwa la kimiminika cha kusafishia nguo. Akapata theluthi moja tu ya zile zilizotabiriwa. Kwa miaka 30 hesabu ilikataa. Watu wa jua la umeme wakashangilia: mnaona, hakuna nyuklia humo!

Mwaka 2001 na 2002 wanasayansi wa kituo cha Sudbury, Canada, wakaonyesha kilichotokea. Nyutrino hubadilika aina zikiwa njiani, na tangi la Davis lilikuwa na uwezo wa kuona aina moja tu. Ukijumlisha aina zote, hesabu inatimia. Davis akapata Nobel mwaka 2002.

Hebu angalia jambo moja hapo. Kama wataalamu wangekuwa na desturi ya kuficha, hiyo theluthi ya Davis ndiyo ingekuwa ya kwanza kufichwa. Iliwaaibisha miaka 30, na miaka yote hiyo waliichapisha hadharani, wakaibishania mbele ya watu, wakatumia fedha nyingi kujenga vifaa vya kuwaumbua wenyewe. Serikali ninazozifahamu mimi hazifanyi hivyo.

Twende nje ya jua. Kama linawashwa kwa umeme wa kutoka mbali, chombo kikilisogelea kingekuta mafuriko ya elektroni yakielekea ndani. Chombo cha Marekani cha Parker, kilichorushwa mwaka 2018, kimelisogelea kuliko chombo kingine chochote. Desemba 24, 2024 kilipita umbali wa kilomita milioni 6 hivi kutoka kwenye uso wake. Kinachokutana nacho huko ni upepo wa jua unaotoka, protoni na elektroni kwa pamoja. Umeme unaoingia wa kutosha kuliwasha jua haujaonekana.

Na mashimo meusi je? Hapa, ndugu msomaji, tuna sababu ya kujidai. Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru wake, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, kituo cha Waitaliano kilichosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba satelaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kwa kazi ya kutafuta eksirei angani, mali ya Marekani, na kwa heshima ya siku ile ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hadi mwaka 1973 ilikuwa imegundua vyanzo zaidi ya 300. Kimoja, Cygnus X-1, kilipepesa kwa kasi isiyo ya kawaida, ndani ya muda usiofika sekunde moja. Mwaka 1972 Louise Webster, mwanamke wa Australia aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, pamoja na mwenzake Paul Murdin, walionyesha kuwa kuna nyota kubwa hapo inayozungushwa na kitu kizito kisichoonekana. Charles Bolton wa Canada alifikia jibu hilo hilo kivyake. Webster baadaye alirudi kwao akafundisha hapa Sydney, Chuo Kikuu cha New South Wales. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya eksirei, alipata Nobel mwaka ule ule wa 2002 pamoja na Davis. Kwa hiyo anayesema mashimo meusi ni hadithi ya kutungwa anaufuta na ukurasa ulioanzia Malindi.

Nilipomweleza mpwa wangu haya yote kwa simu, alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Lakini mjomba, hao wote ni wa taasisi zile zile."

Nilimjibu kwa habari ya hapa Sydney. Kuna kitongoji kinaitwa Dover Heights, juu ya majabali ya bahari, si mbali na ufukwe wa Bondi. Mwaka 1946 mwanafizikia Ruby Payne-Scott na wenzake waliweka antena pale, wakaelekeza baharini kulingoja jua lichomoze. Walikamata mawimbi ya redio yaliyotoka juani moja kwa moja na yale yaliyoakisiwa na maji, wakayalinganisha, wakathibitisha kuwa makelele makali ya redio yanatoka kwenye madoa ya jua. Ni kazi iliyofungua njia ya kuzielewa dhoruba tunazozizungumzia. Basi huyo mama alikuwa ameolewa kwa siri, kwa sababu utumishi wa umma wa Australia wa wakati ule haukumruhusu mwanamke mwenye mume kushika ajira ya kudumu. Siri ilipofichuka alinyang'anywa ajira hiyo, na mwaka 1951, akiwa mjamzito, akaacha kazi.

Taasisi ilimkosea sana. Lakini kipimo chake kilibaki, na yeyote mwenye antena angeweza kukirudia akapata jibu lile lile. Ndivyo ilivyokuwa kwa Birkeland pia. Hakushinda kwa sababu alidharauliwa. Alishinda kwa sababu satelaiti zilikwenda zikaikuta mikondo aliyoisema. Waliodharauliwa duniani ni wengi, na wengi wao walikuwa wamekosea kweli.

Kutomwamini mkubwa ni mwanzo mzuri. Lakini ukiishia hapo, umebadilisha mkubwa tu: jana ulimmeza waziri, leo unammeza mtu wa kwenye video. Kipimo ni kimoja kwa wote. Mei 9, 2024, siku moja kabla ya dhoruba ile, kituo cha Marekani cha hali ya hewa ya anga kilitoa tahadhari ya dhoruba kali, ya kwanza ya kiwango hicho tangu mwaka 2005. Kililiona kundi la madoa lenye upana wa zaidi ya mara 15 ya dunia, kikaona mawingu ya plazima yakirushwa, kikakokotoa lini yatafika. Yakafika Ijumaa ya Mei 10, yakapanda hadi ngazi ya juu kabisa, ambayo haikuwa imefikiwa tangu Oktoba 2003. Wenye nadharia ya taa ya umeme nao watupe tarehe na saa kabla ya tukio. Wakipatia, mimi wa kwanza kuwaandika.

Msinielewe vibaya. Sisemi dhoruba za jua ni mchezo. Septemba 1859 Mwingereza Richard Carrington aliona mwako juani, na saa zipatazo 18 baadaye mitambo ya simu za maandishi ikawa inatoa cheche. Machi 13, 1989, gridi ya jimbo la Quebec, Canada, ilianguka katika muda wa dakika moja na nusu hivi, watu milioni sita wakakaa gizani kwa saa tisa. Sumaku ya dunia ikitikiswa, umeme huzaliwa ardhini, hupanda kwenye nyaya ndefu na kuzipasha moto transfoma.

Kwetu Afrika Mashariki hatari hiyo ya gridi ni ndogo kuliko ya Canada au Sweden, kwa kuwa tuko mbali na ncha. Lakini haifai kudharauliwa, maana nyaya zetu zinarefuka: tangu mwishoni mwa mwaka 2024 Kenya na Tanzania zimeunganishwa kwa njia kubwa ya umeme kati ya Isinya na Singida. Na tuna tatizo letu wenyewe. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, karibu na Addis Ababa, na tabaka la juu la hewa katika ukanda huu huchafuka sana baada ya jua kuzama. Mawimbi ya satelaiti yakipita humo huyumba. Anayeumia ni mpima ardhi, rubani, na nahodha anayetegemea GPS. Mei 2024 wakulima wa Marekani walisimamisha matrekta shambani kwa sababu GPS ilipotea. Afrika Kusini ina kituo chake Hermanus kinachotoa tahadhari saa 24. Je, mamlaka zetu zinazipokea? Nani anazitafsiri kwa Kiswahili zikamfikia nahodha wa Pemba?

Hayo ndiyo maswali ya kuuliza. Na ndiyo maana uvumi wa jua unaniudhi. Jua haliitwi mbele ya kamati ya bunge. Haliandikiwi barua ya malalamiko, wala halishitakiwi. Ukilitupia lawama, umemwachia huru kila mwenye dhamana. Mei 2024 swali sahihi lilikuwa: kwa nini mikongo miwili ikikatika, nchi kadhaa zinalala? Njia ya akiba iko wapi, na nani aliahidi kuiweka?

Tena kuna giza ambalo halihitaji hata nanga. Congo, tangu Desemba 31, 2018, intaneti ilizimwa kwa siku zipatazo 20 wakati kura za urais zikihesabiwa. Uganda ilizimwa Januari 13, 2021, siku moja kabla ya uchaguzi. Tanzania ilizimwa Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, ikaanza kurudi Novemba 3. Siku zile sisi tulioko huku tulikaa tukitazama simu kama mtu anayengoja hodi ya mgonjwa. Hakuna aliyejua nani yu hai. Ukimzoesha mwananchi kuamini kuwa intaneti huzimwa na jua, umemwandalia mtawala udhuru ambao hata hajaufikiria bado.

Mpwa wangu alipopatikana, alinisalimia kama kawaida, nami nikaitikia kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka. Aliniambia wazima wote. Kibanda kilifungwa siku sita. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Tangu tulipobishana kuhusu jua ameweka daftari chini ya kaunta. Kila umeme unapokatika au intaneti inapopotea anaandika tarehe, saa, sababu iliyotangazwa na jina la aliyeitangaza. Akipata nafasi anatazama kama siku ile kulikuwa na dhoruba ya jua.

"Safu ya jua umejaza mara ngapi?" nikamuuliza.

"Bado haijajazwa hata mara moja, mjomba. Ile ya sababu nayo, mara nyingi naiacha wazi. Hawasemi."

Nimemwambia alitunze daftari hilo vizuri, na asilionyeshe kwa kila mtu.